Oda kubwa inayotoweka kabla haijafikiwa

Ndugu, umesema ukiona oda ya kununua mikataba 600 ya E-mini S&P 500 (mikataba ya baadaye ya faharasa ya hisa za Marekani) unanunua mbele yake, kisha inatoweka na bei inaporomoka. Oda iliyopangwa ni ahadi tu, inafutika wakati wowote. Marekani ilipiga marufuku oda za kuhadaa, yaani zinazowekwa kwa nia ya kuzifuta kabla hazijatekelezwa, kwa sheria ya 2010, ila kufuta oda kwenyewe ni halali.

Tazama miamala iliyokamilika. Wauzaji wakimwaga, tuseme, mikataba 900 kwenye bei hiyo na bei isishuke hata tiki moja (hatua ndogo kabisa ya bei, pointi 0.25), kuna mnunuzi anayemeza. Bado usiingie. Subiri kasi ya mauzo ilegee na wanunuzi waanze kukubali bei ya muuzaji. Oda ya kukata hasara iweke tiki 2 au 3 chini ya kiwango hicho. Kikivunjika, hoja yako imekufa. Jifunzie kwenye MES (Micro E-mini, mkataba mdogo wa faharasa hiyohiyo), tiki ni dola 1.25 badala ya 12.50 za E-mini.

Kwa forex (biashara ya sarafu) ya MetaTrader, ile programu ya biashara, sahau mbinu hii: forex haina soko kuu moja, na ile volyumu inayoonyeshwa kwa kawaida huhesabu mabadiliko ya bei tu.