Jibu: Fungu la elektroni linapimwaje urefu?

Mkuu wa Ujiji, umeuliza wanapimaje urefu wa fungu la elektroni (kundi la elektroni zinazosafiri pamoja ndani ya mashine ya kuongeza kasi ya chembe) linalopita kwa kasi inayokaribia ya mwanga.

Treni ya Kigoma ikipita hapa Tabora, saa inatosha: kasi mara muda, urefu huo hapo. Kwa elektroni hesabu ni ileile, tatizo ni saa. Fungu la femtosekunde 100 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde) lina milimita 0.03 tu, osiloskopu ya kawaida, yaani kifaa cha kuchora mabadiliko ya umeme, hailiwahi.

Ujanja ni kugeuza muda uwe nafasi. Shika mpira wa maji, elekeza ukutani, ushushe haraka kutoka juu. Maji yaliyotangulia yanalowesha juu, ya mwisho chini. (Niliwaonyesha wanafunzi, nikalowesha na madaftari.) Kwenye mashine, fungu linapitishwa katika chemba ya mawimbi ya redio pale wimbi linapovuka sifuri: kichwa kinasukumwa juu, mkia chini, katikati haguswi mtu. Kwenye skrini utaona mstari, na mng'ao wake unaonyesha wapi elektroni zimejazana. Hilo ndilo umbo. Chemba iitwayo LOLA ilitengenezwa SLAC, maabara ya kuongeza kasi ya chembe huko Marekani, miaka ya 1960, ikaja kutumika Hamburg pia.

Ubaya wake, fungu lililogonga skrini limeharibika.

Wengine hupima mnururisho wa fungu, yaani mawimbi linayotoa: mawimbi marefu kuliko fungu hutoka kwa pamoja, yana nguvu sana. Unapata urefu, ila umbo unabaki kulikisia, kwa sababu fezi (kila wimbi liko hatua gani ya mpando na mshuko wake) haipimwi. Mimi ningechagua chemba.