Usizitupe medla zako: zimeiva, hazijaoza

Mwaka wa kwanza mti wangu wa medla ulipozaa, nilitupa karibu ndoo nzima. Nilizichuma zikiwa ngumu kama kokoto, nikaziweka bandani, na nilipozirudia baada ya wiki tatu nikakuta nyingi zimegeuka rangi ya udongo uliolowa, ganda limesinyaa, ukizibonyeza kidole kinazama. Nikajua zimekwisha. Nikazimwaga kwenye shimo la mboji na kubaki na zile chache zilizokuwa bado ngumu. Jirani yangu, mzee aliyekua na mti huo uani kwao, aliponiuliza medla zimekuwaje nikamsimulia. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Mwanangu, umetupa zilizoiva ukabakiza mbichi."

Tangu siku hiyo kila anayeniambia anataka kupanda medla namwanzia hapo. Kupanda si kazi. Kazi ni kujua siku ya kuila.

Kwanza tusichanganye miti. Kuna lokwati, lile tunda la manjano lenye mbegu kubwa zinazoteleza, ambalo katika lugha kadhaa huitwa medla ya Japani. Hilo ni jingine kabisa, ingawa yote mawili ni ya ukoo wa waridi. Medla ninayoizungumzia ni ya kahawia, ya mviringo, kwa kawaida kipenyo chake ni sentimita 3 hadi 6, na sehemu yake ya chini iko wazi kama jicho, imezungukwa na vijani vitano vilivyokauka. Kwa sababu ya jicho hilo Waingereza wa zamani walilipa jina la matusi ambalo sitaliandika hapa. Jina lake la kisayansi, Mespilus germanica, nalo linapotosha: asili ya mti huu si Ujerumani bali ni kusini magharibi mwa Asia na kusini mashariki mwa Ulaya, kuanzia pande za Bahari ya Kaspi hadi Bahari Nyeusi.

Ukiling'ata tunda bichi utajuta. Lina ukakasi unaokausha kinywa chote, ulimi unakuwa kama umepakwa chokaa. Ukakasi huo unatokana na tanini. Tunda likikaa baada ya kuchumwa, tanini na asidi hupungua, nyama yake nyeupe na ngumu inageuka kahawia na kulainika, utamu unajitokeza. Ndiyo maana nasema medla huvundikwa, kama unavyovundika ndizi, ila hapa hufuniki kitu wala hutafuti joto. Medla inataka ubaridi, hewa na subira.

Mimi nafanya hivi. Nasubiri mpaka majani yaanze kupukutika, ambayo kwa nchi za kaskazini ni mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha ya usiku, moja au mbili zikilipiga tunda likiwa bado mtini si hasara, hulainisha kazi. Nachuma siku kavu, maana tunda lenye maji juu yake hukaribisha ukungu. Kisha nazipanga kwenye trei yenye majani makavu, jicho likitazama chini, kikonyo juu, na hakuna moja inayogusa nyingine. Hapo msibishane nami. Mwaka wa pili nilizirundika kwa uvivu. Moja iliota ukungu na ikaziambukiza jirani zake zote kabla sijashtuka. Wakulima wa zamani huchovya vikonyo kwenye maji yenye chumvi nyingi ili visioze. Nimejaribu, haidhuru, ila nafasi kati ya tunda na tunda imenisaidia zaidi.

Trei inakaa mahali penye baridi na giza, si jikoni. Baada ya wiki mbili hadi nne zinaanza kuwa tayari, tena haziivi pamoja, kwa hiyo nazipitia kila baada ya siku mbili nikibonyeza kwa kidole gumba. Sasa swali la ndoo yangu: utajuaje imeiva na haijaoza? Iliyoiva inalegea mwili mzima sawasawa na harufu yake ni ya tufaha lililopikwa. Iliyooza ina doa moja linalovuja, au manyoya ya ukungu kwenye jicho, au harufu ya siki. Ukiwa na shaka, ipasue. Kahawia moja kutoka ganda hadi katikati, kula. Ukiona bado kuna weupe, sehemu hiyo itakukausha mdomo, iache siku chache tena.

Kuila hakuna ustaarabu. Natoboa ganda kidogo, nakamua, nafyonza. Nyama ni nzito na laini kama rojo la tufaha lililochanganywa na tende. Ndani kuna mbegu tano ngumu kama mawe, na jino langu moja lina habari zake. Wapo wasiopenda kabisa. Mke wangu anasema ni kama kula kitu kilichokwisha kuliwa. Lakini jeli yake anaimaliza yeye.

Kwa jeli usitumie zilizolainika peke yake. Theluthi moja hivi ziwe bado ngumu, kwa sababu hizo ndizo zenye pektini ya kuishikisha. Zikate, zifunike kwa maji, chemsha kwa moto mdogo karibu saa nzima mpaka zivurugike, kisha mimina kwenye kitambaa cha shashi na uache ijichuje usiku kucha. Usikamue, itakuwa na utusitusi. Kwa kila lita ya maji yake natia gramu 750 za sukari na ndimu kidogo, nachemsha mpaka tone nililolidondoshea kwenye sahani baridi linakunjamana nikilisukuma. Rangi inayotoka ni ya kaharabu.

Kuhusu mti wenyewe nitasema machache, kwa sababu hausumbui. Nunua mche uliobebeshwa, mara nyingi huwa juu ya shina la kwinsi, mti mwingine wa ukoo huo huo wa waridi. Mbegu zinaweza kukaa ardhini hata miaka miwili kabla ya kuchipua. Mmoja unatosha, kwa kuwa maua yake hujichavusha. Yanatoka meupe, moja moja kwenye ncha za vitawi vifupi, kwa hiyo anayekata ncha zote kwa kupenda unadhifu anakata mavuno. Mimi naondoa matawi yaliyokufa na yanayosuguana, basi. Aina iitwayo Nottingham ina matunda madogo yenye ladha nzuri. Ukitaka makubwa tafuta ile ya Kiholanzi. Na kama unaishi mahali ambapo joto halipungui mwaka mzima, tafuta mti mwingine: huu unahitaji kulala wakati wa baridi.

Trei yangu ya kwanza mwaka huu ina medla 42. Leo asubuhi sita zilikuwa zimelegea. Nimezila zote nikiwa nimesimama humo humo bandani, na jeli itasubiri.