Kilele cha sisteini kinachoshuka kila mzunguko: angalia elektrodi kwanza

Mleta mada anasema kilele chake (mkondo wa juu kabisa) cha kuoksidisha sisteini, asidi amino yenye salfa, kwenye elektrodi ya dhahabu kinashuka kila anaporudia mzunguko wa kupandisha na kushusha potenshali, na anadhani sisteini imekwisha ndani ya chombo. Mkuu, haijaisha. Piga hesabu: mililita 10 zenye milimola 1 kwa lita zina maikromola 10 za sisteini. Mkondo wa maikroampia 20 ukipita kwa sekunde 10 unachukua nanomola 2 tu za elektroni. Ni tone baharini.

Mimi nilihangaika wiki tatu nzima na jambo hilihili. Nilibadilisha bafa (myeyusho unaoshikilia pH), nikapima upya unga, nikashuku hadi nyaya. Kilichonifungua macho ni jaribio la dakika kumi. Niliitoa ile elektrodi iliyochoka nikaitia kwenye myeyusho mpya: kilele kikabaki kidogo vilevile. Nikaisugua, nikairudisha kwenye myeyusho wa zamani, kilele kikasimama kama siku ya kwanza. Kisha nikachukua elektrodi iliyotumika, nikaisuuza vizuri na kuiweka kwenye bafa tupu isiyo na sisteini hata chembe. Mkondo wa uoksidishaji bado ulionekana! Molekuli zilikuwa zimeng'ang'ania juu ya dhahabu.

Salfa na dhahabu hupendana mno. Kundi la thioli (salfa yenye hidrojeni) la sisteini hupoteza hidrojeni yake na kushikamana moja kwa moja na dhahabu, na tabaka hilo huzuia zinazofuata. Platinamu nayo hupatwa na shida hiyo.

Kusafisha: sugua kwa unga wa alumina wa maikromita 0.05 kwenye kitambaa chenye maji, ukizungusha mkono kwa umbo la nane, suuza, kisha pitisha mizunguko kwenye asidi salfuriki ya mola 0.5 kwa lita mpaka mikunjo (grafu za mkondo dhidi ya potenshali) ilaliane. Usikimbilie kuacha pale inapokaribia kufanana. Subiri ilaliane kabisa.

Jambo la pili, ambalo naona wengi humu wanalipita: usiandike tu kwamba kila sisteini imetoa elektroni 1 ikawa sistini (sisteini mbili zilizoungana kwa salfa zao). Ukipandisha potenshali hadi dhahabu yenyewe inapoanza kutengeneza oksidi, oksijeni ya maji huingia kwenye salfa na unaweza kufika asidi sisteiki, ambayo ni elektroni 6 kwa molekuli. Kosa hapo linaharibu hesabu yote ya mavuno.

Myeyusho uandae siku hiyohiyo na upitishe nitrojeni. Thioli ina pKa (pH ambayo nusu yake imepoteza hidrojeni) ya 8.3 hivi, kwa hiyo kwenye besi huoksidika kwa urahisi zaidi, lakini hata hewa huila, hasa kukiwa na shaba kidogo. EDTA inasaidia kuikamata shaba hiyo. Ukiona chembe nyeupe chini ya chupa, hiyo ni sistini. Haiyeyuki vizuri kwenye maji ya pH ya kati.

Methionini, asidi amino nyingine yenye salfa, ni habari nyingine: salfa yake haina hidrojeni, inataka potenshali ya juu zaidi, na hatua ya kwanza ni sulfoksidi (salfa iliyopata oksijeni moja) kwa elektroni 2. Kwa hiyo mimi huchagua elektrodi ya almasi yenye boroni, maana haishikwi kirahisi na uchafu na huvumilia potenshali kubwa kabla maji hayajaanza kutoa oksijeni.

Fanya lile jaribio la kubadilishana, kisha tuwekee mikunjo yote hapa pamoja na pH na elektrodi rejea uliyotumia (ile ambayo volti hupimwa dhidi yake). Bila rejea, namba zako za volti hatuwezi kuzisoma.