Deki inapiga kelele, simu inanong'ona

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amejenga amplifaya kwa bodi yenye chipu ya TPA3116D2, ameifunga kwenye boksi la mbao, na inapiga vizuri. Shida yake ni swichi ya kuchagua chanzo. Kwenye simu lazima afungue voliumu karibu yote; akigeuza kwenda kwenye deki ya DVD bila kukumbuka kushusha, nyumba nzima inashtuka. Anauliza anunue voliumu ya aina gani.

Ndugu, usinunue kitu bado. Deki na vicheza CD vingi hutoa takriban volti 2 wimbo unapofika kileleni. Simu kwa waya wa hedifoni mara nyingi hutoa kati ya nusu volti na volti 1, na bodi nyingi za Bluetooth ziko humo humo. Kati ya volti 2 na nusu volti kuna mara 4, yaani desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha tofauti ya nguvu ya sauti). Hakuna voliumu duniani itakayoficha tofauti hiyo. Inabidi uisawazishe kabla mawimbi hayajafika kwenye voliumu, na kanuni ni kushusha chenye nguvu kifikie kinyonge. Ukipandisha kinyonge unapandisha pia kelele yake ya chinichini.

Anza kwa kupima. Tengeneza faili la sauti ya hezi 400 kwa nguvu ya juu kabisa, uliweke kwenye simu na kwenye diski au flashi ya deki. Nasema 400 kwa sababu mita nyingi za bei nafuu huanza kudanganya zikipanda juu ya hapo. Zile mita ndogo za DT830 zina rinji ya AC inayoanzia volti 200, kwa hiyo kwenye jeki ya RCA, ile tundu ya kutolea sauti nyuma ya deki, hazikuonyeshi kitu cha maana. Dawa ni kupima mbele zaidi: chomoa spika, weka mita kwenye tundu za spika za upande mmoja, na uzungushe voliumu mpaka deki isome volti 8. Weka alama ya kalamu na usiiguse tena. Simu iwe kwenye sauti ya juu kabisa au pungufu ya kipande kimoja, kisha badili chanzo kimoja kimoja na uandike. Angalizo kwa wenye bodi hii: tundu nyeusi ya spika si ethi, yaani si ule waya wa hasi unaotumika na saketi nzima. Ukiigusisha na ethi ya boksi au na nyeusi ya upande wa pili, unaweza kuua bodi.

Tuseme deki imesoma 8, Bluetooth 4, simu 2. Kila unapogawa kwa mbili ni desibeli 6. Kwa hiyo deki ishuke kwa 12, Bluetooth kwa 6, na simu ibaki ilivyo.

Kushusha ni kazi ya risista mbili kwa kila upande. Moja inapitisha sauti kutoka kwenye jeki, ya pili inatoka pale zinapokutana kwenda ethi, na makutano hayo ndiyo yanayokwenda kwenye swichi. Kwa voliumu ya 50K (K ni omu elfu moja), thamani hizi zinafaa kwa sababu nimeshahesabu mzigo wa voliumu yenyewe: desibeli 6 ni 8.2K na 10K. Desibeli 12 ni 15K na 5.6K, desibeli 18 ni 22K na 3.3K. Namba ya pili ndiyo ya kwenda ethi. Ukitumia voliumu ya 10K hesabu hizi zinaharibika, sauti itashuka kuliko ulivyotaka. Nunua risista za asilimia 1, yaani ambazo thamani yake haipotoki zaidi ya hapo. Za asilimia 5 zikikutana vibaya, kushoto na kulia vitatofautiana kwa zaidi ya desibeli 1, na mwimbaji atahama kutoka katikati. Zilehemu ndani ya boksi, nyuma ya jeki.

Sasa njoo kwenye ukuzaji wa bodi, ambao mafundi tunauita geini. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na inaniuma kuona bodi nzuri ikilaumiwa bure. TPA3116D2 ina ngazi nne: desibeli 20, 26, 32 na 36. Kwa umeme wa volti 24, inaweza kutoa kama volti 16 kabla ya kukata kilele cha wimbi. Ukiwa kwenye 36, robo volti tu inaifikisha huko. Ukiichomekea deki ya volti 2 bila risista, sauti yote unayoitumia imebanwa kwenye sehemu ndogo ya mwanzo wa voliumu, na hapo mwanzo ndipo pande mbili za voliumu ya stereo hazilingani: kushoto kunaanza kuimba, kulia bado kimya.

Kwa vyanzo vilivyosawazishwa kwenye nusu volti, ngazi ya 26 inatoa volti 10, ambazo kwenye spika ya omu 8 ni wati 12 na nusu. Sebuleni zinatosha. Anayetaka zaidi aende 32, basi. 36 iacheni. Ngazi hupangwa kwa risista mbili karibu na chipu. Kwa 26 ni 20K kwenda ethi na 100K.

Voliumu yenyewe iwe ya logi, inayopanda taratibu mwanzoni, si ya mstari, inayopanda sawasawa. Herufi zisikudanganye, maana A na B viwandani havikubaliani. Izungushe hadi katikati na upime mguu wa kati na mguu wa ethi: ya mstari itasoma karibu nusu ya thamani yake, ya logi itasoma kama asilimia 10 hadi 20. Ukikosa ya logi dukani, chukua ya mstari ya 100K na ulehemu risista ya 15K kati ya mguu wa kati na ethi. Katikati itashusha kwa desibeli 14 na kitu, inavyotakiwa. Ila voliumu hiyo inakuwa mzigo wa 13K ikifunguliwa yote, kwa hiyo pima tena vyanzo vyako baada ya kuifunga.

Ikikwaruza unapoizungusha nayo ni mpya, kuna umeme wa DC unaopita. Weka kapasita ya mikrofaradi 1 kabla yake. Sauti isipozimika kabisa, mguu wa ethi umeachia. Mvumo ukipungua unaposhika kishikio cha chuma, unganisha ganda la voliumu na ethi.

Redio FM imebaki, maana haiwezi kupiga sauti yako ya majaribio. Hiyo sawazisha kwa sikio, wimbo kwa wimbo. Stesheni hubana sauti, yaani hupandisha sehemu za chini zikaribie za juu, kwa hiyo hata ikilingana kwenye mita itasikika kubwa kuliko CD. Ishushe desibeli 2 au 3 zaidi.