Jibu: pikapu gani ya darajani kwa gita la bendi ya hoteli?

Ndugu yangu, umesema gita lako ni kopi ya Stratocaster, lile gita la umeme la Fender lenye pikapu tatu, unapiga solo na bendi ya hoteli hapa Malindi, pikapu ya darajani, ile iliyo karibu na pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gita, inachoma masikio na inanguruma, na muuzaji kakwambia uchukue yenye nguvu kuliko zote. Nakuomba usiichukue bado. Nimepiga kwenye mahoteli na maharusi kuanzia hapa hadi Watamu, na magita mengi ya wenzangu nimeyafungua mwenyewe, kwa hiyo nitakueleza ninavyochagua.

Nianze na hiyo nguvu, maana ndipo watu wanapopotezwa. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Mizunguko ikizidi, sauti inakuwa kubwa, lakini ule mng'ao wa juu unakatika na sauti ya kati inavimba. Mpiga roki anataka hivyo hasa. Pikapu ya DiMarzio Super Distortion, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitengenezwa makusudi iisukume amplifaya ya valvu mpaka ikwaruze. Wewe unapiga chakacha, bango na rumba. Solo yetu ni safi, noti zinakimbizana, na kila moja lazima isikike inapoanza na inapokatika. Pikapu nzito inazigandisha pamoja. Na amplifaya za tranzista zilizo kwenye mahoteli mengi hazikwaruzi kwa utamu, zinakoroma tu.

Utaonyeshwa namba ya kiloomu kwenye boksi. Pikapu za Stratocaster za kizamani huwa kati ya 5.5 na 6.5, hambaka (pikapu za koili mbili, yaani mafungu mawili ya waya) za mtindo wa zamani wa Gibson kati ya 7 na 9 hivi, na hambaka ya Seymour Duncan iitwayo JB inapita 16. Lakini namba hiyo inapima ukinzani wa waya, haipimi sauti. Waya mwembamba zaidi una ukinzani mkubwa hata mizunguko ikiwa ileile. Itumie kulinganisha pikapu za aina moja, basi. Hata hali ya hewa inaisogeza: pikapu iliyopimwa 8.0 kwenye nyuzi joto 20 itasoma kama 8.3 hapa kwetu ikifika 30, na haina ubovu wowote. Nimeshaona mtu akigombana na muuzaji kwa tofauti hiyo.

Sasa huko kuchoma masikio. Kabla ya kutoa pesa, fungua gita uangalie swichi. Kwenye Stratocaster ya mwaka 1954 na kopi zake nyingi, pikapu ya darajani haina toni kabisa, yaani kinobu cha kupunguza ukali. Vinobu viwili vya toni ni vya shingoni na katikati. Yaani unasikia ukali wote bila breki. Kipande kifupi cha waya kwenye swichi, kikilehemiwa kuunganisha daraja na toni ya katikati, kinamaliza nusu ya malalamiko yako. Ukiiteremsha toni kutoka 10 hadi 7 au 6, utashangaa gita ulilokuwa unalichukia.

Kisha kimo cha pikapu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, upime nafasi kati ya sumaku na uzi. Anza na milimita 2 upande wa uzi mwembamba na 2.5 upande wa uzi mnene, halafu zungusha skrubu robo kwa robo huku ukipiga. Karibu na daraja uzi hautikisiki sana, ndiyo maana pikapu ya pale mara nyingi huzungushiwa waya zaidi kuliko ya shingoni.

Ukifanya yote hayo na sauti bado nyembamba, basi nunua, na uulize sumaku kabla ya namba. Kopi nyingi za bei nafuu zina vyuma sita vya kawaida na kipande cha sumaku ya seramiki kimebandikwa chini. Sauti yake inapiga kwa nguvu lakini ni kavu. Kwa muziki wetu mimi nachukua alniko 5 (alniko ni sumaku ya mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti) nikitaka mpigo ulionyooka, na alniko 2 gita likiwa lenyewe kali, maana ile ni laini zaidi. Pikapu ya koili moja yenye kiloomu 6.5 hadi 7.5 inatosha kabisa.

Kunguruma ni jambo jingine. Koili moja inanasa mawimbi ya umeme wa 50 Hz pamoja na taa za jukwaani. Hambaka, aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, ina koili mbili zenye mzunguko kinyume na sumaku kinyume: sauti ya nyuzi inajumlika, mngurumo unafutana. Zipo zilizotengenezwa kwa umbo la koili moja, zinaingia palepale bila kutoboa mbao. Ila kama hoteli haina waya wa ardhini, pikapu haitakuokoa. Ukishika nyuzi na maikrofoni ikakupiga shoti, zima kila kitu, fundi umeme aitwe kwanza. Hilo si la kuvumilia kwa sababu shoo imeanza.

Na sisi tuko baharini. Kusi ikivuma, chumvi inaingia hadi ndani ya gita. Vichwa vya chuma vinashika kutu, na ule waya mwembamba unaliwa pale ulipolehemiwa. Siku moja pikapu inanyamaza, mita inaonyesha njia imekatika. Chukua iliyochovywa nta. Nta inazuia koili isitetemeke na kupiga filimbi karibu na spika, na pia inaupunguzia unyevu njia. Baada ya shoo ya ufukweni mimi hufuta nyuzi na vichwa vya pikapu kwa kitambaa kikavu kabla sijafunga begi.

Ukilehemu, angalia rangi za waya kwa kampuni husika. Kwa hambaka zenye nyaya nne, Seymour Duncan mweusi ndio unaobeba sauti, DiMarzio ni mwekundu. Kwa zote mbili wa kijani unakwenda kwenye ardhi (graundi). Ukifuata mchoro wa kampuni nyingine, gita litakaa kimya au litatoa sauti ya debe. Na pikapu mpya ikiwa kinyume na ya katikati, swichi ikikaa kati ya hizo mbili sauti inanyong'onyea. Ndipo unabadilisha nyaya za moja.

Kwa hali yako mimi ningeweka toni kwanza, nipige wikendi mbili tatu, ndipo niagize koili moja ya alniko 5, au hambaka ya umbo dogo kama ngurumo inakukera kwenye nyimbo za taratibu. Kabla hujaagiza nipimie upana kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita pale juu ya pikapu. Ikiwa milimita 52 au 53, usichukue ya 49 au 50, nyuzi za pembeni zitapita nje ya sumaku. Niandikie pia kama chini ya vinobu vyako pameandikwa 250 au 500 (ni kiloomu), tuone kama vitaiendea unayoitaka.