Indeksi ya folda ya pamoja iko kwenye seva, si kwenye kompyuta ya karani

Swali: Habari za kazi. Sisi ni ofisi ya mawakili hapa Morogoro. Tuna kompyuta 9 za Windows 11 na seva moja ya Windows Server 2019. Majalada yote yako kwenye folda ya pamoja ambayo kila mtu anaiona kama draivu Z. Ukitafuta jina la mteja unasubiri dakika 10, na neno lililo ndani ya hati halipatikani kabisa. Fundi wetu amebofya Rebuild mara 3, kisha akatumia mklink ili folda iingie kwenye Libraries. Hakuna kilichobadilika. Sasa anasema tununue SSD, yaani diski ya kasi zaidi. Tununue?

Jibu: Ndugu msomaji, pesa ya SSD iwekeni kwanza. Diski yenu huenda haina kosa lolote.

Rebuild aliyoibofya fundi hufuta indeksi, yaani orodha ya majina na maneno ambayo Windows huitafutia, ya kompyuta ile aliyokaa nayo na kuijenga upya. Majalada ya draivu Z hayakuwamo kwenye indeksi hiyo kabla, na hayatakuwamo baadaye hata akibofya mara 30. Windows haiindeksi draivu ya mtandao kutoka kwenye kompyuta ya mtumiaji, na ina sababu. Kwenye diski yake yenyewe, NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili diskini) huweka kumbukumbu ya kila faili lililobadilika, na huduma ya Windows Search huisoma kumbukumbu hiyo ili ijue pa kurudia. Kupitia mtandao kumbukumbu hiyo haipatikani. Kompyuta zenu 9 zingelazimika kuyasoma majalada yote, kila moja kivyake, tena na tena.

Kwa hiyo mnapotafuta kwenye Z, kompyuta inapita folda moja hadi nyingine kupitia waya, na ule mstari wa kijani juu ya File Explorer unatambaa. Tena kwa kawaida inaangalia majina ya mafaili tu, haifungui hati. Ndiyo maana neno la ndani halionekani.

Sasa hiyo mklink. Windows ilipokataa folda ya mtandao kuingia Libraries ilisema wazi kwamba mahali hapo hapajaindeksiwa. Hila ya mklink ni kuweka folda ya kawaida, kuiingiza Libraries, kuifuta, kisha kuweka kiungo chenye jina lilelile kinachoelekea kwenye seva. Onyo linatoweka na folda inaonekana imekubaliwa, lakini hakuna hata faili moja lililoindeksiwa. Hila hii inasambazwa kila siku kama tiba, wakati kazi yake ni kuficha dalili tu. Ondoeni kiungo hicho.

Kazi yenyewe inafanyika kwenye seva. Fungua Server Manager, nenda Add Roles and Features, na kwenye Features weka tiki Windows Search Service. Ikimaliza, fungua services.msc, iweke Windows Search kuwa Automatic na uianzishe. Halafu ingia Control Panel, Indexing Options, Modify, uchague folda kwa njia yake ya ndani, mfano D:\Majalada. Usiandike njia ya mtandao kama \\SEVA\Majalada hapo. Kwenye Advanced, File Types, hakikisha docx na pdf zimewekwa Index Properties and File Contents.

Anzeni Ijumaa jioni, maana mzunguko wa kwanza huchukua muda. Indeksi kwa kawaida haifiki asilimia 10 ya ukubwa wa mafaili yenyewe. C ikiwa imebana, ihamishieni diski nyingine kupitia Advanced, Index location. Angalieni pia idadi ya vitu: kuanzia takriban 400,000 utendaji huanza kuzorota, kwa hiyo folda za chelezo na za programu zisiingizwe.

Jaribuni mkiwa mmekaa kwenye seva kwanza. Neno likipatikana hapo, nendeni kwenye kompyuta ya karani mtafute kupitia \\SEVA\Majalada. Kompyuta inaiuliza indeksi ya seva kupitia njia ileile ya kushea mafaili, mlango 445, kwa hiyo hakuna mlango mpya wa kufungua. Windows Search iwe inafanya kazi pande zote mbili. Wale wanaoizima "ili mashine iwe nyepesi" ndio wanaoivunja.

Kama kwenye seva kwenyewe baadhi ya folda hazitokei, angalia mambo mawili. La kwanza ni ruhusa: huduma hii inafanya kazi kwa akaunti ya SYSTEM, na mtu akiiondoa SYSTEM kwenye Security ya folda, folda hiyo haisomeki. La pili, fungua Command Prompt uandike:

attrib D:\Majalada\*

Herufi I ikitokea mbele ya faili, maana yake yaliyomo ndani yamezuiwa kuindeksiwa. Iondoe kwa attrib -I D:\Majalada\* /S /D.

Kwa ofisi ya mawakili kuna tatizo jingine ambalo hakuna Rebuild itakayoligusa: hukumu zilizoskaniwa. Fungua PDF, buruta kipanya juu ya neno moja. Neno lisipokolea, hiyo ni picha ya karatasi, haina maandishi ya kuindeksi. Programu ya OCRmyPDF inaweza kuongeza maandishi, na inakijua Kiswahili mkisakinisha data ya lugha hiyo ya Tesseract, programu inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha: ocrmypdf -l swa+eng --skip-text hukumu.pdf hukumu_mpya.pdf. Bakisheni nakala halisi.

Wengine wataona swali lenu na kuwashauri mbinu nyingine. Offline Files inaleta nakala kwenye kila kompyuta na nakala hiyo inaindeksiwa, ni kweli. Lakini mawakili wawili wakihariri hati moja wakiwa nje ya mtandao, mnabaki na matoleo mawili yanayogombana. Msiitumie kwenye majalada ya pamoja. Mtu akisema mpeni Everyone Full Control ili "indeksi ipite", mkatalieni: indeksi inahitaji SYSTEM isome, basi, na Everyone anafungua majalada ya wateja kwa kila mtu aliye kwenye mtandao wenu. Na anayetaka kurudisha SMB1, toleo la kizamani la njia ya kushea mafaili, asiguse seva kabisa. Utafutaji hauihitaji, Microsoft iliacha kuiweka kwenye usakinishaji mpya tangu Windows 10 toleo la 1709, na programu hasidi ya WannaCry ilienea Mei 2017 kupitia udhaifu wa SMB1 hiyohiyo, ikifunga mafaili ya ofisi nzima na kudai fidia. Kama fundi wenu ameshaiwasha wakati wa kujaribu-jaribu, endesheni hii kwenye PowerShell ya seva leo, kabla ya kugusa indeksi:

Set-SmbServerConfiguration -EnableSMB1Protocol $false