Kapteni Kidd alizika dhahabu Pemba?

SUALI: Assalaamu alaykum mhariri. Huku kwetu kuna vijana wanasema yule haramia wa Kizungu, Kapteni Kidd, alishuka Pemba akazika sanduku la dhahabu, wengine wanataja magofu ya Pujini na wanataka wakachimbe. Kweli alifika? Na eti alinyongwa mara mbili, hilo nalo vipi?
– Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yetu. Tafadhali wazuie hao vijana mapema. Pujini ni ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, ya karne ya 15, huyo William Kidd hata babu yake hajazaliwa, na anaechimba pale anaharibu historia ya Wapemba wenyewe, jambo linaloniuma khasa. Mtu akiokota kitu cha kale akipeleke kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale.

Kidd alikuwa Mskochi, makazi yake New York, wala hakuanza na uharamia. Mwaka 1696 alitoka Uingereza na meli ya Adventure Galley, mizinga 34, tena ina makasia kwa siku ambazo upepo hakuna, na mkononi ana hati ya mfalme ya kukamata maharamia na meli za Wafaransa manake nchi mbili hizo zilikuwa vitani. Mabaharia wake hawakuwa na mshahara, wasipokamata meli hawapati kitu, na mimi naona balaa lote lilianzia hapo.

Alipotukaribia ni Komoro, visiwa vya Mwali na Nzwani, mwaka 1697, wakati huo huo Waomani wameizingira Ngome ya Yesu kule Mombasa na Wareno wamo ndani. Pale Mwali aliipandisha meli pwani kuisafisha, kazi ambayo watu wa pwani tunaijua, maji yakitoka chombo kinalala ubavu, mnakwangua vigamba, mnaziba mianya kwa kalafati, halafu mnakigeuza upande wa pili. Wamo katika kazi hiyo maradhi yakawaingia, watu kama 50 wakafa ndani ya wiki moja hivi.

Baada ya hapo akaenda kuotea Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu. Ilikuwa Agosti, merikebu zinatoka Mokha, bandari ya Yemen, kurudi India na upepo wa kusi, zimebeba wafanyabiashara na mahujaji wanaorudi makwao, na kwa hili mimi siwezi kumtetea hata kidogo. Meli ya Kiingereza iliyokuwa inazisindikiza ikamfukuza. Oktoba mpiga mizinga wake, William Moore, akabishana nae, Kidd akampiga kichwani na ndoo ya mbao iliyofungwa vyuma, siku ya pili Moore akafa.

Januari 1698 ndo akaipata meli kubwa, Quedagh Merchant. Sasa waulize vijana wako, wanadhani ndani mlikuwa na nini? Hariri, vitambaa vya pamba, sukari, kasumba, mali ya Waarmenia na wafanyabiashara wa India. Majora ya nguo hayazikwi. Mengine aliuza, mengine wakagawana mabaharia kule Sainte-Marie, Madagascar, na wengi wao wakamkimbia hapo hapo. Meli yenyewe akaiacha Karibiani, mabaki yake yalitambuliwa 2007 karibu na kisiwa cha Catalina, Jamhuri ya Dominika. Mali aliyoizika kwa uhakika ni ile ya kisiwa cha Gardiners, karibu na New York, mwaka 1699, na serikali ikaichukua mwaka ule ule ikapelekwa London kuwa ushahidi dhidi yake.

Kuhusu kunyongwa, ni kweli. Tarehe 23 Mei 1701, Wapping, London, kamba ilikatika akaanguka chini mzima, wakampandisha tena. Maiti yake wakaitundika kwenye vyuma pembeni mwa mto Thames ili kila baharia anaepita aione. Wakati wa kesi alilia kwamba Quedagh Merchant ilikuwa na pasi za Kifaransa, hati za kusafiri chini ya ulinzi wa Wafaransa, yaani alikuwa na haki ya kuikamata, lakini pasi hazikuonekana mahkamani, zikaja kupatikana karne ya 20 kwenye makaratasi ya serikali huko huko London. Hilo ni dhulma na naliita dhulma. Ila hakimu alimhukumu pia kwa kumuua Moore, na huko pasi zisingemsaidia kitu.